Kufuli la Ng'ambo

Lowell, Massachusetts, mwaka tisini na sita,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha nguo.
Mashine za kufuma ziliondoka kitambo.
Matundu ya boliti zake yangalipo sakafuni,
na juu yake nimeweka stuli yangu
nikifunga disketi kwenye maboksi.

Boksi la bluu ni la humu nchini.
La kijivu ni la ng'ambo.
Picha ya kufuli ni ileile, na bei ileile, hata senti haipungui.
Ila ufunguo wa la bluu una biti mia na ishirini na nane,
wa la kijivu, arobaini.

Nilimuuliza Dolan, fundi mkuu, maana yake nini.
"Hili la bluu, jua litazimika kabla halijafunguka.
La kijivu… wanafunzi watatu, wikendi moja, na pitsa."
Na anayelinunua anajua?
Akatazama mto Merrimack, umeganda kandokando.
"Imeandikwa. Ukurasa wa mwisho. Herufi ndogo."

Fumbo mfumbie mjinga, tuliambiwa,
mwerevu ataligangua.
Sikudhani iko siku nitalibandika stempu fumbo la mjinga
na kuliandikia anwani za watu ninaowajua.

Maana sheria yao imeiweka hesabu hii
katika orodha moja na vifaru
na miwani ya kuonea gizani.
Hesabu! Namba tasa mbili, zidisha, gawa, chukua baki.
Kumbe mwalimu wetu wa darasa la saba
alikuwa akigawa silaha, kwa chaki,
na sisi tunasinzia.

Kila Jumanne wahandisi wakimulika msimbo ukutani
mimi hutoka. Sina kadi ya kijani.
Kumwonyesha mgeni, hata humu ndani, ni kusafirisha nje:
mwanasheria alinieleza kwa upole, akinishikia mlango.
Basi nasimama koridoni, kando ya mashine ya soda.
Hatua nne kutoka kwenye stuli yangu
nimekwisha kuvuka forodha.

Mshamu, wakili, aliandika kutoka Lindi:
*Nina majalada ya watu waliopigwa rumande.
Nasikia mnauza kufuli. Nipatie moja.*
Nilikaa na boksi la bluu mapajani
mpaka saa ya chakula ikaisha.
Nikamtumia la kijivu, na barua:
usiweke siri humo, weka hesabu za sokoni.
Akajibu kwa mstari mmoja:
*Basi nabaki na sanduku langu la bati.*

Mwezi wa tatu benki moja ya Hartford
ikaturudishia maboksi ya bluu mia mbili.
Wana tawi Lisbon, na Lisbon hawaruhusiwi bluu,
na bluu ikiongea na kijivu
zote mbili hunong'ona kwa biti arobaini.
Kamba hukatikia pembamba.
*Tuleteeni kijivu tupu,* waliandika, *au msituletee kitu.*
Sasa bluu imejazana chini ya ngazi,
inashika vumbi la pamba ya karne iliyopita.

Ndipo Dolan akachapa kitabu.
Msimbo wote, kurasa mia sita, jalada gumu,
kwa sababu disketi ni silaha
lakini kitabu ni kitabu.
Nilikinunua dukani kama mtu yeyote.
Posta mama mmoja aliniuliza, Kuna chochote cha hatari?
Nikasema, Kusoma tu.

Binti yake Mshamu, Somoe, anauchapa upya,
kurasa mbili kila jioni, umeme ukiwepo.
Jana faksi yake imefika, imefifia, ina swali moja:
*Ukurasa wa hamsini na tatu, mstari wa tisa,
ile ni sifuri, au ni herufi O?*

Nimekigeuza kitabu kwenye mwanga wa dirisha.
Sijui, mwanangu.
Walipoueleza mstari huo
nilikuwa koridoni.